Boya la Kabureta

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo, Dar es Salaam.
6 Machi 1977

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba ule mguu wa kushoto haukusumbui sana msimu huu wa mvua. Sisi huku hatujambo. Elieshi anakuamkia.

Najua huu ni mwaka wa tatu hatujaandikiana. Sikuandikii kwa ajili ya mambo yale. Ulisema pombe ya mbege ya Machame hutainywa na binti wa ng'ambo ya mto Weruweru hatakanyaga nyumba wala migomba ya kihamba chako, kwa sababu wazee wa Kibosho na wazee wa Machame walichinjana na kuapizana kabla hata wewe hujazaliwa. Nami nikamwoa Elieshi hivyo hivyo, nikachukua mkoba wangu nikashuka. Hayo nayaacha yalipo. Nakuandikia kwa sababu ya injini.

Nimenunua pikipiki. Ni BSA ya zamani, silinda moja, mali ya Kanubhai, jirani yangu mwenye duka la sufuria na mabakuli ubavuni mwa duka langu la bawaba na makufuli. Ilikuwa imelala stoo nyuma ya magunia, kuku wametaga kwenye kiti. Kanubhai anasema, "Gaudens, hii ilikuwa inanipeleka Bagamoyo na kunirudisha, mke wangu Jasumati nyuma yangu na chakula mapajani." Bei sitakutajia, maana utanitukana kabla hujamaliza kusoma.

Nimeifungua yote, Baba. Kutu nimesugua kwa mchanga na mafuta ya taa, nyaya ni mpya, spoki nimezinyoosha, kiti kimeshonwa upya na mshona viatu wa Msimbazi. Cheche ipo, plagi inapiga vizuri. Lakini nikifungua petroli tu, kabureta inafurika mpaka chini. Inakohoa mara mbili, inakufa. Theophil, fundi mmoja kijana wa Songea mwenye banda lake hapo Msimbazi, ameniambia niiuze kama chuma chakavu.

Wewe ulitunza pikipiki za misheni tangu sijazaliwa. Nikajiambia, aliyekataa kunywa mbege hajakataa kusikia habari za injini.

Mwanao,
Gaudens


Kibosho,
27 Machi 1977

Gaudens,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma baada ya misa. Huku tu wazima. Mguu unauma kama kawaida yake, tumeshazoeana. Kahawa imechanua vizuri, na mwaka huu wanunuzi wanaiheshimu. Salamu zako nimezipata.

Fundi anayekwambia uza chuma chakavu kabla hajafungua kabureta, huyo ni dalali. Ubavuni mwa kabureta kuna chumba kidogo, na ndani ya chumba hicho kuna boya la shaba. Petroli ikiingia boya linapanda, sindano inaziba njia. Boya likitoboka linakunywa petroli, linazama, na njia inabaki wazi. Ndiyo mafuriko yako hayo. Litoe, ulitikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, umeshapata jibu.

Jambo jingine. Usipake rangi kabla injini haijawaka. Najua umeshapaka. Tangu utoto wako ulikuwa unavaa viatu kabla ya kunawa miguu.

Baba yako,
Anselmi


Kariakoo,
24 Aprili 1977

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mko wazima. Na sisi tunaendelea vizuri, ila sabuni na sukari ni za kupangia foleni, na aliye mwisho hurudi na kikapu kitupu.

Nilikuwa nimeshapaka. Nyekundu.

Boya tulilitikisa mbele ya mashahidi, nalo likacheza kama dafu. Theophil amekubali kwamba amekosea, na anakusalimu sana, anasema angependa kukuona. Tulilikausha, akaziba kitundu kwa kulehemu. Sasa halivuji, lakini kabureta inafurika vile vile. Kanubhai alitupeleka stoo akapekua makopo yake yote. Humo mna vitasa, mna miguu ya cherehani, mna kengele ya baiskeli aliyoitafuta tangu uhuru. Boya hamna. Zamani ungemwagiza mtu Nairobi, lakini mpaka umefungwa tangu Februari na hata kwa Taveta hakupitiki.

Kuna jambo jingine, na sikuliandika mara ya kwanza kwa kuogopa utadhani pikipiki ni kisingizio. Mwezi wa pili Elieshi alijifungua salama. Ni mtoto wa kiume, mzito, mwenye masikio makubwa. Masikio ni yako, hilo halina mjadala. Jina hana. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake, na wewe ndiye mwenye kulitamka. Siwezi kuliokota tu kama kofia iliyoangushwa njiani. Majirani wanamwita Bwana Mdogo. Kanisani hatujampeleka, maana padri atauliza anaitwa nani.

Basi nikwambie ukweli wote. Pikipiki hii naitengeneza ili nipande nayo nyumbani Desemba, Elieshi na mtoto waje kwa basi, na mtoto apewe jina kihambani, kwa mdomo wako. Sina haja nyingine.

Mwanao,
Gaudens


Kibosho,
30 Mei 1977

Gaudens,

Marahaba. Tu wazima. Mvua zimekatika, mifereji imejaa.

Boya lililolehemiwa limeongezeka uzito, na boya zito haliwezi kuelea. Mwambie fundi wako kwamba kitu kinaweza kuzibwa vizuri kabisa na bado kisifanye kazi. Usipoteze petroli tena kulijaribu.

Ile pikipiki ya mwisho ya misheni bado ipo kwenye banda, haina magurudumu. Nitamwomba padri nione kabureta yake.

Habari ya mtoto nimeisoma. Mfunikeni vizuri, baridi ya mwezi wa sita si ya mchezo. Nimekumbuka sasa kwamba huko hakuna baridi. Basi mwacheni.

Kuhusu Desemba sisemi kitu.

Baba yako,
Anselmi


Kibosho,
11 Julai 1977

Gaudens,

Habari za huko. Sisi hatujambo.

Barua hii na kifurushi namkabidhi Scholastika, binti wa shangazi yako, anayekuja Dar kwa mumewe. Ndani mna boya la pikipiki ya misheni. Ni zima, nimelijaribu kwenye bakuli la petroli. Shaba yake ni nyembamba, likibonyea halifai tena, ndiyo maana nimelifunga vile nilivyolifunga.

Kifungue wewe mwenyewe, kwa mikono yako, ukiwa umetulia. Asikifungue fundi wala mtu mwingine. Kulitoa lile boya ilikuwa kazi ndogo. Kulifunga kumenichukua muda mrefu zaidi.

Nangoja jibu.

Baba yako,
Anselmi


Kariakoo,
2 Agosti 1977

Baba mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Sisi wazima kabisa, na wewe nakuombea hivyo hivyo.

Imewaka!

Kifurushi kilifika salama. Nilikifungua mwenyewe kama ulivyoagiza, taratibu, na boya halikuwa na hata mkwaruzo. Umelifunga kwa ustadi. Tulilitia, tukafungua petroli, tukasimama tunatazama chini kama watu waliopoteza shilingi. Hakuna tone. Nikapiga kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikapiga chafya. Ya tatu, Baba, moshi ulijaa mtaa mzima, wauza vitunguu wakanitukana, na Kanubhai akatoka dukani mbio na sufuria mkononi, machozi yanamtoka, akisema ni moshi. Jasumati akavunja nazi mbele ya gurudumu, ndivyo wanavyofanya wao kwa chombo kipya, halafu akachovya kidole kwenye unga mwekundu akapaka alama juu ya tangi. Kwa kuwa tangi lenyewe ni jekundu, alama haionekani. Amenilaumu kwa rangi niliyochagua, kwa hiyo sasa mko wawili.

Niliipanda nikashika Msimbazi, nikatokea Mtaa wa Uhuru, nikaenda nayo mpaka Magogoni kutazama pantoni, nikarudi. Elieshi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Mtoto hakulia kwa mlio. Aligeuza kichwa akasikiliza.

Nimefurahi, Baba. Tangu nishuke huko sijafurahi namna hii. Asante kwa boya. Sina la kuongeza.

Mwanao,
Gaudens


Kariakoo,
9 Oktoba 1977

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sijapata jibu la barua yangu ya Agosti wala ya Septemba, nikasema labda ni posta, labda ni mguu. Nimemuuliza Scholastika, akasema watu waliotoka huko wanakuona kanisani kila Jumapili na unatembea vizuri.

Pikipiki inakwenda. Ikipata moto sana valvu zinagonga. Niziache nafasi kiasi gani? Theophil anasema unene wa kadi ya posta, mimi nasema tukuulize kwanza.

Mtoto ameota meno mawili ya chini. Sasa anakaa mwenyewe. Ukimwita Bwana Mdogo anageuka, na mimi naogopa jina hilo litamganda.

Desemba inakaribia. Nije nao, au nisije? Neno moja tu linatosha.

Mwanao,
Gaudens


Kibosho,
30 Oktoba 1977

Gaudens,

Barua zako zote tatu nimezipata. Posta haina kosa.

Nilituma nilichotuma. Ulikifungua kwa mikono yako, umeandika hivyo mwenyewe, kisha ukanijibu habari za moshi na Magogoni, na ukasema huna la kuongeza. Nimeelewa. Mtu mzima hasemi jambo kama lile mara mbili.

Valvu ziache nafasi ya kadi ya posta. Fundi wako yuko sahihi.

Mtoto mpeni jina mnalotaka. Majina yapo mengi.

Anselmi


Kariakoo,
13 Novemba 1977

Baba yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari ya mguu wala ya kahawa. Nitauliza mwisho, ukiwa bado unasoma.

Barua yako niliisoma mara nyingi nikaona ni ya mtu aliyeamua kuniacha. Nikakasirika. Nikampa Elieshi aisome, nikamwambia, haya, ona, hata baada ya boya bado anatukataa. Elieshi akaisoma akaniuliza, "Alikutumia nini?" Nikasema boya. "Limefungwa na nini?" Nikasema majani. "Majani gani?" Hilo sikulijua.

Sikujua kwa sababu nilikudanganya. Kifurushi sikukifungua mimi. Siku ile Scholastika alinikuta nina mteja wa makufuli, mtu wa kununua kwa jumla, sikutaka aondoke. Nikampa Theophil nikamwambia tangulia nacho, nakuja. Nilipofika bandani boya lilikuwa limeshaingia ndani ya kabureta. Nikaandika nimefungua mwenyewe ili usinune. Niliona ni uongo mdogo wa heshima, kama ule wa kusema nimeshiba.

Elieshi aliinuka. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda Msimbazi. Nilimfuata kwa pikipiki nikamkuta amepiga magoti kwenye banda la Theophil, kwenye boksi la matambara, kitenge chake chote oili, anatoa kimoja kimoja. Majani makavu ya mgomba. Gunia. Tambara. Chini kabisa akatoa jani moja refu, jeusi kwa grisi. Theophil alikuwa akilifutia mnyororo, anasema ni gumu, halichaniki. Mgeni wa Songea angejuaje. Lilikuwa na fundo, na fundo halijafunguka.

Elieshi alilijua kabla sijalijua mimi. Kwao Machame wanalo lile lile.

Theophil akauliza mbona mnalia juu ya jani. Ikabidi nimweleze. Nikamwambia, hili ni isale. Kwetu mlimani tunalipanda mipakani na makaburini. Mtu akikosana na mwenziwe na akitaka yaishe, hulifunga fundo akalipeleka, na anayepelekewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama aliuliwa ndugu. Theophil akasema, "Basi baba yako anakuomba msamaha."

Baba, tangu nizaliwe nimeona isale likitoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto sijaona. Na wewe ulilifunga, ukampa Scholastika, ukakaa unangoja, nami nikakujibu sina la kuongeza. Miezi mitatu umekwenda kanisani ukidhani mwanao ameshika isale lako akaliweka chini. Naona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Nimelipokea. Sijui kama kupokea kwa kuchelewa kunahesabika, lakini nimelipokea, na Elieshi amelipokea. Amesema nikuandikie kwamba yeye amelishika kwa mikono miwili.

Mimi pia nilitakiwa nikuletee la kwangu, kwa uongo wangu. Nimezunguka soko la Kariakoo lote, juu na chini. Kuna dawa za kila kabila, kuna mizizi ya Tanga, kuna vitu ambavyo hata wauzaji hawajui ni vya nini. Isale hakuna. Kwa hiyo nimelifunga hilo hilo lako kwenye usukani, na grisi yake. Fundo sijaligusa. Utalifungua wewe ukitaka.

Usipojibu nitakuja hivyo hivyo, nisimame kwenye mpaka wa kihamba, nizime injini, ningoje.

Mguu unaendeleaje? Kahawa?

Mwanao,
Gaudens


Kibosho,
4 Desemba 1977

Kwa Gaudens, kwa Elieshi, na kwa Anselmi,

Marahaba. Natumaini nyote watatu mko wazima. Hapa sisi wazima, mguu hausemi sana. Kahawa nimeshaipeleka.

Nimesoma. Theophil mwambie isale halifutiwi mnyororo, lakini simlaumu, maana boya alilitia sawasawa.

Sasa sikilizeni habari ya safari. Elieshi na Anselmi wapande basi la alfajiri, wakae upande wa kushoto, jua haliwapigi. Anselmi asipande pikipiki hata hatua moja, hata kama analia. Wewe Gaudens usikimbize. Hapo Chalinze upumzishe injini. Petroli jaza Korogwe, kwa sababu ukiitegemea Same utaikuta haipo. Ukifika Mombo usidanganyike na upepo, angalia mnyororo. Usilale njiani juani. Ukishapita Himo utaanza kusikia baridi, basi vaa koti.

Kwenye mpaka wa kihamba usisimame. Ingia nayo mpaka uani. Mbuzi nimeshamtenga, na mbege inaivishwa na wanawake wawili, mmoja wa hapa na mmoja nimemwomba atoke ng'ambo ya Weruweru. Wamegombana kutwa nzima juu ya kiasi cha ulezi. Nitaionja yote.

Pale bandani nimekuta boya jingine la akiba. Nitakupa ukija, na safari hii nitalifunga kwa gazeti.

Babu yake Anselmi